Somo la 9: Mafundi Waliomo Mwilini

Ukimaliza kusoma somo hili utaweza:
(a) kueleza jinsi mwili unavyojiziba unapoumia;
(b) kutaja vyakula vya hapa kwetu vyenye protini;
(c) kutunza kidonda bila kuleta hatari.

1. JEMBE NA MGUU

Ndugu mwanakisomo,

Mvua za kwanza zikinyesha hapa Ilongero, kila mtu huenda shambani. Huyu anapanda uwele. Yule anapanda mtama. Mwingine anapanda alizeti.

Tuseme siku moja unapalilia. Jua ni kali, nawe umechoka. Jembe linateleza na kukukata mguu. Damu inatoka. Unaketi chini na kukibana kidonda kwa kitambaa. Baada ya muda damu inakoma. Siku zinapita, kidonda kinakauka. Baada ya majuma machache linabaki kovu tu.

Je, ni nani aliyeuziba mguu wako? Hukuushona kwa uzi. Hukuutia gundi. Ukuta wa nyumba ukipasuka haujizibi wenyewe, ni lazima aje fundi. Basi na katika mwili wamo mafundi. Mafundi hao huitwa protini. Leo tutajifunza kazi yao.

2. MWILI UMEJENGWA KWA SELI

Nyumba hujengwa kwa matofali. Tembe hujengwa kwa miti na udongo. Mwili nao umejengwa kwa vitu vidogo sana viitwavyo seli. Watu wengine huziita chembe hai.

Huwezi kuona seli kwa macho matupu. Huonekana kwa hadubini. Ukienda kupimwa malaria, mtaalamu huweza kutazama damu yako kwa hadubini. Tone moja tu la damu lina seli zaidi ya milioni 100.

Kila seli ni kama kifuko kidogo kilichojaa majimaji. Kifuko hicho kina ngozi yake. Ngozi hiyo huitwa utando. Utando umetengenezwa kwa mafuta na protini. Nao ni mwembamba mno. Ukipanga tando 100,000, moja juu ya nyingine, unene wake hautazidi milimita 1.

Ingawa ni mwembamba, utando una kazi kubwa. Ni ukuta na mlango wa seli. Huingiza vitu vinavyotakiwa. Hutoa takataka. Huzuia vitu vyenye madhara visiingie ovyo.

3. UTANDO HUCHANIKA KILA SIKU

Labda unafikiri utando huchanika tu mtu akikatwa na jembe au panga. Sivyo. Huchanika hata katika kazi za kawaida.

Unapolima, misuli yako hujivuta na kujiachia mara nyingi. Unapotwanga, ni hivyo hivyo. Unapoteremka kilima na mzigo kichwani, misuli ya miguu huvutwa kwa nguvu zaidi. Katika kazi hizo tando za baadhi ya seli huchanika. Ndiyo sababu moja ya maumivu unayoyasikia kesho yake.

Usiogope. Mwili umezoea jambo hili. Lakini kila tundu ni lazima lizibwe upesi. Kwa nini?

Nje ya seli kuna madini yaitwayo kalsiamu. Ni madini yale yale yanayotia ugumu katika mifupa. Kalsiamu iliyo nje ya seli ni nyingi mno kuliko iliyo huru ndani yake. Huweza kuzidi mara 10,000. Utando ukichanika, kalsiamu huingia kama maji ya mafuriko yaingiavyo katika nyumba. Tundu lisipozibwa, seli hufa.

4. KUZIBA PANCHA YA SELI

Fikiri juu ya baiskeli. Umetoka mnadani, na mwiba umetoboa mpira wa ndani. Utafanya nini? Kwanza utatambua kwamba upepo unatoka. Pili, utatafuta mahali penye tundu. Tatu, utabandika kiraka kwa gundi. Mwisho utakata ncha za kiraka zilizozidi.

Seli nayo hufuata njia kama hiyo.

Kwanza, inapata habari. Kalsiamu inayoingia ndiyo kengele ya hatari. Adui mwenyewe ndiye anayebisha hodi na kuwaamsha mafundi.

Pili, mafundi wanakimbilia kwenye tundu. Baadhi yao huitwa aneksini. Hizi ni protini zinazoshika utando mara zinapoguswa na kalsiamu. Hujipanga kwenye kingo za tundu, zikashikana kama miyaa ya mkeka. Hivyo tundu haliendelei kuchanika.

Tatu, kiraka kinaletwa. Ndani ya seli mna vifuko vidogo vyenye utando wao. Vifuko hivyo husogezwa hadi kwenye tundu, vikaungana na utando uliochanika. Katika seli za misuli, protini iitwayo disferlini husaidia kazi hiyo ya kuunganisha.

Nne, sehemu iliyoharibika inaondolewa. Kuna protini nyingine ambazo hubana kipande kibovu cha utando na kukikata, kikaanguka nje.

Kazi hii huchukua muda gani? Sekunde chache, au dakika moja hivi. Wewe bado unainua jembe, na mafundi wamekwisha ziba.

Je, itakuwaje fundi mmoja akikosekana? Wako watu wachache wanaozaliwa bila disferlini inayofanya kazi. Utotoni huenda wasionekane na tatizo lolote. Lakini wakifika ujanani misuli ya miguu na mikono huanza kulegea. Kupanda ngazi au kuinuka chini huwa taabu. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walionyesha sababu: seli za misuli yao hazizibi tando zake vizuri. Misuli huharibika kidogo kidogo kwa kazi za kila siku.

Huu ni ugonjwa wa kurithi. Si uchawi, wala si laana. Si uvivu pia. Ukimwona kijana ambaye misuli yake inalegea mwaka hadi mwaka, usimcheke. Ishauri familia yake impeleke hospitali.

5. KIDONDA KIKUBWA

Tundu dogo la utando huzibwa na seli yenyewe. Lakini jembe likikata mguu, maelfu kwa maelfu ya seli hufa. Hapo huitwa kikosi kikubwa zaidi. Nacho pia ni cha protini.

Protini iitwayo fibrini hujisokota kuwa nyuzi. Nyuzi hizo hunasa seli za damu, damu ikaganda. Hapo ndipo damu inapokoma kutoka. Kisha chembe nyeupe za damu huja kupigana na vijidudu na kusafisha uchafu. Baadaye mwili hutengeneza protini nyingine iitwayo kolajeni. Hii ni kama kamba ngumu. Huunganisha upande huu wa kidonda na upande ule. Kovu unaloliona ni kolajeni kwa sehemu kubwa.

Ili kutengeneza kolajeni nzuri, mwili unahitaji vitamini C. Hapa kwetu vitamini C hupatikana katika ubuyu, mapera na mboga za majani ambazo hazikupikwa muda mrefu mno.

6. PROTINI HUTOKA WAPI?

Mwili hutengeneza protini zake wenyewe. Lakini hautengenezi kwa upepo. Unahitaji vifaa. Vifaa hivyo hutoka katika chakula.

Sasa chukua kalamu yako. Andika neno hili: LIMA. Lina herufi nne. Zikate, uzipange upya. Utapata MALI. Zipange tena. Utapata MILA. Herufi ni zile zile, ila maneno ni matatu.

Protini ziko hivyo. Kila protini imeundwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi za amino. Ni kama herufi zake. Herufi hizo ziko 20. Ukila choroko, tumbo na utumbo huvunja protini ya choroko kuwa herufi moja moja. Damu huzichukua na kuzipeleka kwenye seli. Huko seli huandika maneno yake yenyewe: aneksini, fibrini, kolajeni na mengine maelfu.

Katika herufi hizo 20, ziko 9 ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza. Ni lazima zitoke katika chakula. Je, unaweza kuandika LIMA bila herufi L? Huwezi. Hata ukiwa na gunia zima la I, M na A, huwezi. Ndivyo ilivyo kwa mwili. Herufi moja ikipungua, kazi ya kujenga hupungua.

7. CHAKULA CHETU HAPA SINGIDA

Sisi hula ugali wa uwele au wa mtama. Ni chakula kizuri. Uwele una protini kuliko unga wa muhogo. Lakini nafaka hizi zina upungufu wa herufi moja, iitwayo laisini. Choroko, kunde na dengu zina laisini nyingi. Nazo zina upungufu wa herufi nyingine ambayo nafaka wanayo. Kwa hiyo ugali na choroko husaidiana kama ndugu wawili wanaobeba gogo. Mmoja akilemewa, mwenzake humwinulia.

Soma orodha hii. Inaonyesha protini katika gramu 100 za chakula kikavu:

Karanga: karibu gramu 25
Choroko: karibu gramu 24
Uwele: karibu gramu 11
Unga wa muhogo: karibu gramu 2

Yai moja la kuku lina karibu gramu 6. Maziwa nusu lita yana karibu gramu 16. Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 60 anahitaji karibu gramu 50 za protini kwa siku.

Na mafuta je? Tumekwisha sema kwamba utando umetengenezwa kwa mafuta na protini. Mafuta ya alizeti, ambayo mkoa wetu unasifika kwayo, yana vitamini E nyingi. Vitamini E hukaa ndani ya utando na kuulinda usiharibike. Mwaka 2011 wataalamu wa Marekani walionyesha katika maabara kwamba vitamini E husaidia seli za misuli kuziba matundu ya tando zake. Basi kijiko cha mafuta ya alizeti katika mlenda au katika uji wa mtoto si anasa. Kina kazi.

8. MZEE MMOJA ALINIULIZA

Siku moja nilifundisha jambo hili darasani. Mzee mmoja alisimama, akasema:

"Mwalimu, maneno yako ni mazuri. Lakini kuku ndiye benki yetu. Mtoto akidaiwa madaftari, nauza kuku. Mama akiugua, nauza kuku. Choroko nazo nauza. Tukila kila kitu, fedha tutapata wapi?"

Darasa zima lilinyamaza. Swali lilikuwa la kweli. Kuku wa Singida huliwa mpaka Dar es Salaam. Wanunuzi huwafuata vijijini. Choroko na dengu nazo hununuliwa na kusafirishwa. Mara nyingi tunauza protini, tunabaki na ugali na mlenda.

Nilimjibu hivi: "Mzee wangu, sisemi usiuze. Nasema usiuze zote. Kabla ya gunia la choroko kutoka nyumbani, toa debe moja la watoto. Kuku akitaga, weka kando mayai machache ya wale wanaohitaji zaidi."

Bibi mmoja akadakia: "Na nyama ikipikwa, baba hupewa mapaja, watoto hupewa mchuzi. Hilo nalo liandike, Mwalimu."

Watu walicheka. Lakini bibi alisema kweli. Wanaohitaji protini zaidi kuliko wengine ni hawa: watoto wadogo, mama wajawazito, mama wanaonyonyesha, watu wanaotoka katika ugonjwa, na watu wenye vidonda vikubwa au waliounguzwa na moto. Miili yao inajenga. Palipo na ujenzi mafundi huhitajika wengi. Tena mahali pengine watu humkataza mama mjamzito kula mayai. Mila hiyo inamnyima mama na mtoto chakula cha kujenga mwili. Haifai kuendelezwa.

Jihadharini na ugonjwa wa unyafuzi, ambao pia huitwa kwashiakoo. Daktari Cicely Williams aliandika habari za jina hilo mwaka 1935. Alilipata kwa wenyeji wa nchi ambayo leo ni Ghana. Walilitumia kwa ugonjwa unaompata mtoto anapokuja mdogo wake, yaani anapoachishwa ziwa. Dalili zake ni hizi: miguu na uso kuvimba, nywele kubadilika rangi na kung'oka kwa urahisi, ngozi kubanduka, na mtoto kununa wakati wote. Zamani ilidhaniwa kwamba sababu ni upungufu wa protini peke yake. Siku hizi imejulikana kwamba sababu ni zaidi ya moja. Mtoto mwenye dalili hizo usimtibu nyumbani kwa mayai au kwa dawa za kienyeji. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

9. USIWAZUIE MAFUNDI KUFANYA KAZI

Fundi mzuri huweza kushindwa kama mwenye nyumba anamwaga uchafu mahali pa kazi. Kuna watu wanaopaka kidonda majivu, udongo au samadi ya ng'ombe. Hili ni jambo la hatari. Katika udongo na samadi mna vijidudu vya pepopunda. Pepopunda hukaza misuli ya taya na ya mwili mzima. Huua wakubwa na watoto. Kitovu cha mtoto mchanga nacho kisipakwe kitu chochote cha namna hiyo.

Ukipata kidonda, fanya hivi:

1. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kukigusa.
2. Bana kwa kitambaa safi mpaka damu ikome.
3. Osha kidonda kwa maji safi mengi na sabuni.
4. Kifunike kwa kitambaa safi. Badilisha kitambaa kikilowa au kikichafuka.
5. Nenda zahanati kama kidonda ni kirefu kwenda ndani, kama kina udongo usiotoka, kama umechomwa na msumari, au kama damu haikomi. Uliza kama unahitaji chanjo ya pepopunda.
6. Ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali bila kuchelewa.
7. Ukiumwa na nyoka, usikate wala kunyonya jeraha. Tulia, usitikise kiungo kilichoumwa, upelekwe hospitali haraka.

Kidonda kisichopona kwa majuma mengi kina sababu yake. Huenda ni kisukari, huenda ni ugonjwa mwingine. Usikifiche. Kionyeshe kwa mganga wa kituo cha afya.

10. TUSOME, TUJADILI, TUTENDE

Wazee wetu waliosoma kisomo zamani wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadili. Kisha walitoka wakachimba vyoo na kulima bustani. Kusoma kwao hakukuishia kwenye karatasi. Nasi tufanye vivyo hivyo.

Maswali ya kujadili
1. Utando wa seli una kazi gani?
2. Kwa nini tundu la utando ni lazima lizibwe upesi?
3. Taja hatua nne za kuziba utando. Zilinganishe na kuziba pancha ya baiskeli.
4. Kwa nini ugali na choroko ni bora kuliko ugali peke yake?
5. Nyumbani kwako nani hupewa chakula kwanza? Nani hupewa mwisho? Je, mpango huo unafaa?

Hesabu
1. Kuku wa mama mmoja wametaga mayai 12. Ameuza 8. Amebakiwa na mangapi? Mayai hayo yaliyobaki yana gramu ngapi za protini, kama kila yai lina gramu 6?
2. Gramu 100 za choroko zina gramu 24 za protini. Gramu 50 zina ngapi?

Zoezi la kuandika
Andika barua fupi kwa ndugu yako anayeishi mbali. Mweleze jinsi ya kutunza kidonda, na mambo mawili asiyopaswa kuyafanya.

Kazi ya kutenda
Juma hili kila mwanakisomo aweke nyumbani akiba ya choroko, kunde au karanga, isiyouzwa. Andika katika daftari ni kiasi gani ulichoweka na ni nani aliyekula. Tutasomeana madaftari hayo tutakapokutana tena darasani.

Maneno mapya
Seli: chembe hai ndogo sana, mwili umejengwa kwa seli nyingi.
Utando: ngozi nyembamba inayozunguka seli.
Protini: kitu kilichomo katika seli kinachojenga na kukarabati mwili, hupatikana pia katika chakula.
Asidi za amino: vipande vidogo vinavyounda protini.
Hadubini: chombo cha kukuzia vitu vidogo ili vionekane.
Pepopunda: ugonjwa wa kukaza misuli unaoletwa na vijidudu viingiavyo kwenye kidonda.